SOMO LA KIKUNDI: MTOTO AKIUGUA KANSA YA DAMU

Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, sehemu moja moja, kisha mjadiliane. Kusudi lake ni kuonyesha vile majirani wanaweza kuisaidia jamaa yenye mtoto mgonjwa kumaliza matibabu yanayochukua miaka.

1. Ni ugonjwa gani?

Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Mtoto mwenye leukemia, yaani kansa ya damu, uboho wake hutoa chembe nyeupe mbovu, nyingi kupita kiasi, nazo huzinyima nafasi chembe nzuri. Ndiyo sababu mtoto anapauka, anapata homa zisizoisha, anatoka damu puani au kwenye ufizi, anavimba mitoki, au analia mifupa inamuuma. Wengi hutibiwa malaria kwanza. Homa ikirudi tena na tena huku mtoto anapauka, msingoje. Mpelekeni hospitali kubwa apimwe damu.

Ugonjwa huu hauambukizi. Si laana, si kulogwa, wala si kosa la mama.

Aina inayowapata watoto zaidi inatibika. Katika nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye aina hiyo hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao. Wengi huchelewa kufika hospitali, na wengine huacha matibabu katikati.

2. Miezi ya kwanza

Matibabu hufanywa katika hospitali kubwa kama Kenyatta kule Nairobi, au hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Mama anaenda na mtoto, anakaa huko wiki nyingi. Nyumbani baba anabaki na watoto wengine, shamba halijapaliliwa, na ng'ombe hana wa kumkatia majani. Mtoto naye ananyonyoka nywele, uso unavimba kwa sababu ya dawa, anakuwa na hasira. Hayo hupita, na nywele huota tena.

3. Hatari ya kuonekana amepona

Baada ya mwezi mmoja hivi, watoto wengi huanza kucheza na kula vizuri. Hapo ndipo jirani husema, "Mama, si mtoto amepona? Hiyo nauli si ununue mbolea?"

Fikirini sangari shambani. Ukikata majani, shamba linaonekana safi, lakini mizizi iko chini na mvua ikinyesha inachipuka. Kansa ya damu ni hivyo. Matibabu huchukua miaka 2 hadi 3: vidonge nyumbani, kliniki, sindano za mshipa na za mgongo. Ugonjwa ukirudi, ni vigumu zaidi kuutibu. Tuombe, na dawa ziendelee. Mzazi akitaka kumpa mtoto mitishamba, amwambie daktari kwanza.

4. Harambee moja haitoshi

Tuseme harambee imeleta shilingi 60,000. Kijiji kinafurahi, lakini pesa zinaisha mwezi wa tatu, na watu wanaona aibu kuombwa tena. Sasa tuseme kikundi cha watu 20 kinatoa shilingi 50 kila mtu kwa wiki. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa wiki, na kwa miaka miwili inapita shilingi 100,000. Tena nauli iko kila siku ya kliniki.

Kikundi kinaweza pia:

- Kupanga zamu ya kupalilia shamba na kukama ng'ombe.
- Kuchagua nyumba moja ya kuwaangalia watoto wengine, ili wasiache shule.
- Kutoa damu. Watoto hawa huongezewa damu mara nyingi. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kuuliza hospitali kama atakubaliwa.
- Kusaidia jamaa kujiandikisha SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kulipa mapema kabla mtoto hajalazwa.
- Kuandika tarehe za kliniki katika daftari la kikundi, na mtu mmoja awakumbushe.

Jambo moja kila jirani alijue: dawa hizi hupunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Mtoto akipata homa, hata usiku, apelekwe hospitali wakati huo huo, asingoje asubuhi. Mwenye pikipiki au gari awe tayari. Nyumbani anywe maji yaliyochemshwa, ale chakula kilichoiva, alale ndani ya neti, na akae mbali na mwenye surua au tetekuwanga.

5. Baada ya matibabu

Siku ya kumaliza dawa ni furaha, lakini hofu haiishi siku hiyo. Kila homa mama anashtuka. Mtoto lazima aendelee kupimwa kwa miaka, na daktari aulizwe kuhusu chanjo. Shuleni huenda akachoka haraka au akawa nyuma katika masomo, basi mwalimu aelezwe, na watoto wakatazwe kumcheka.

Tusiwasahau ndugu zake, ambao kwa miaka walisikia kila siku habari za mgonjwa. Na wazazi wana madeni, pengine na ugomvi ulioletwa na uchovu. Watembeleeni wakati huo pia, wakati hakuna tena harambee.

6. Maswali ya kujadiliana

a) Hapa kwetu, ni nini kinaweza kumfanya mzazi aache matibabu katikati?
b) Kutoka hapa mpaka hospitali ya rufaa ni nauli ngapi, kwenda na kurudi, kwa mtu mzima na mtoto?
c) Kikundi chetu kinaweza kutoa kiasi gani kila wiki bila kuchoka kwa miaka miwili?
d) Usiku wa manane mtoto akipata homa, tutampigia nani simu?

Andikeni jibu la (c) na la (d) katika kitabu cha mkutano kabla hamjafunga.