Tetekuwanga: Je, Kijana Wako Ana Kinga?

Wazazi wengi wa Mombasa huichukulia tetekuwanga kuwa ugonjwa wa kupita tu. Mtoto hutoka vipele, hukaa nyumbani wiki moja, kisha hurudi shuleni. Kwa mtoto mdogo mwenye afya njema, mara nyingi huwa hivyo. Lakini kwa kijana wa sekondari, mama mjamzito au mtoto mchanga, ugonjwa huohuo unaweza kuwa hatari. Kwa hivyo kila familia, kuanzia Mbaraki hadi Mji wa Kale, inafaa kujua mapema: ni nani nyumbani ameshaugua, ni nani amechanjwa, na ni nani hana kinga?

Jinsi inavyoenea

Tetekuwanga husababishwa na virusi viitwavyo varisela-zosta. Huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na pia kwa kugusa maji ya malengelenge. Dalili huonekana kati ya siku 10 na 21 baada ya mtu kuambukizwa. Mgonjwa huanza kuwaambukiza wenzake siku 1 au 2 kabla hajatoka vipele, na huendelea hadi vipele vyote vikauke na kuwa vigaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7.

Ndiyo maana kumrudisha nyumbani mtoto wa kwanza mwenye vipele hakutoshi kuzuia ugonjwa darasani, kwani tayari amekaa na wenzake. Watoto wa Mbaraki husoma pamoja asubuhi, wengi hukutana tena madrasa alasiri, na usiku hulala chumba kimoja na ndugu zao. Katika nyumba yenye mgonjwa, hadi watu 9 kati ya 10 wasio na kinga huambukizwa.

Kinga ya aliyewahi kuugua

Mtu akiugua tetekuwanga, mwili hutengeneza kinga ambayo kwa kawaida hudumu maisha yote. Kuugua mara ya pili hutokea kwa nadra. Mama aliye na kinga humpa mtoto wake sehemu ya kinga hiyo kabla ya kuzaliwa, lakini hupungua baada ya miezi michache.

Hata hivyo, virusi vyenyewe havitoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye, mtu anapozeeka au kinga yake inapodhoofika, vinaweza kuamka na kuleta mkanda wa jeshi. Mwenye mkanda wa jeshi anaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu asiye na kinga atakayegusa malengelenge yake.

Kwa nini vijana waangaliwe zaidi

Katika nchi za baridi, kabla ya chanjo kuanza, karibu kila mtoto aliugua kabla ya kufika miaka 10. Katika nchi za joto kama yetu, wengi huambukizwa wakiwa wakubwa zaidi. Kwa hivyo si kweli kwamba kila kijana wa Pwani ameshaipata utotoni. Wapo wanaofika sekondari, hata utu uzima, bila kinga yoyote.

Umri una maana kubwa. Vijana na watu wazima hupata homa kali zaidi na vipele vingi zaidi, na wako katika hatari kubwa kuliko watoto wadogo ya kupata nimonia inayotokana na virusi hivi.

Msichana aliyemaliza shule bila kuugua wala kuchanjwa anaweza kuambukizwa akiwa mjamzito. Katika wiki 20 za kwanza za mimba, kuna uwezekano mdogo lakini mzito wa mtoto kuzaliwa na kasoro za ngozi, macho, viungo au ubongo. Mama akitoka vipele kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada yake, mtoto mchanga anaweza kuugua vibaya sana.

Kwa sababu hiyo, tabia ya kumlaza mtoto mzima pamoja na mgonjwa ili "aipate amalize" haifai. Hakuna mzazi anayeweza kujua mapema ni mtoto gani atapata madhara, wala ni jirani gani mjamzito atakayeambukizwa.

Chanjo ipo

Chanjo ya tetekuwanga ilitengenezwa nchini Japani na daktari Michiaki Takahashi mwaka wa 1974. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka wa 1995. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyoufundisha mwili kujikinga bila kuugua ugonjwa wenyewe.

Kinga bora hupatikana kwa dozi 2. Mtoto anaweza kupewa ya kwanza baada ya kutimiza mwaka mmoja. Kijana wa miaka 13 na zaidi asiye na kinga hupewa dozi 2 zilizotenganishwa kwa angalau wiki 4. Aliyechanjwa akiambukizwa, kwa kawaida hutoka vipele vichache na hupona haraka.

Mzazi anapaswa kuelewa mambo mawili. Kwanza, chanjo hii haimo katika ratiba ya taifa ya chanjo za bure nchini Kenya. Anayeihitaji huipata katika baadhi ya hospitali na kliniki za kibinafsi kwa malipo, kwa hivyo ni vyema kuuliza bei ya dozi zote mbili kabla ya kuanza. Pili, chanjo ya surua na rubela anayopewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18 haizuii tetekuwanga. Kijitabu cha kliniki kilichojazwa chote si ushahidi kwamba mtoto ana kinga ya ugonjwa huu.

Wajawazito hawapewi chanjo hii, na mwanamke aliyechanjwa hushauriwa asishike mimba kwa angalau mwezi mmoja. Mtoto anayetibiwa saratani, anayeishi na virusi vya UKIMWI au anayetumia dawa zinazopunguza kinga aonwe na daktari kwanza.

Si kila kipele ni tetekuwanga

Historia ya kanda yetu ina funzo. Mnamo Oktoba 1977, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, alishikwa na homa kisha vipele. Kwanza ilidhaniwa ni malaria, baadaye tetekuwanga. Kumbe ilikuwa ndui, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Leo ugonjwa unaoweza kuchanganywa na tetekuwanga ni mpox, ambao Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza katika mpaka wa Taveta mwezi Julai 2024. Vipele vya tetekuwanga huwasha, huanza zaidi kifuani, mgongoni na usoni, na huonekana vya aina mbalimbali kwa wakati mmoja: vipya, vyenye maji na vilivyokauka. Vya mpox mara nyingi hulingana, huweza kutoka viganjani na nyayoni, na huambatana na tezi zilizovimba. Ukiwa na shaka, nenda kituo cha afya na umweleze mhudumu mara unapofika, ili mgonjwa atengwe na wengine.

Mtoto akiugua

- Abaki nyumbani hadi vipele vyote vikauke. Asiende shule, madrasa wala sherehe.
- Aoge kila siku kwa maji safi bila kusuguliwa. Kuoga hakudhuru.
- Kata kucha zake. Losheni ya kalamini husaidia kupunguza mwasho.
- Kwa homa, mpe paracetamol kulingana na umri na uzito wake. Usimpe aspirini, kwani inaweza kudhuru ini na ubongo. Epuka pia ibuprofen.
- Mpe maji ya kunywa kwa wingi.
- Mpeleke hospitali upesi akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, akitapika mfululizo, akishindwa kunywa, au vipele vikivimba na kutoa usaha.

Mjamzito, mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu aliyekaa karibu na mgonjwa asisubiri vipele. Amwone daktari siku hiyohiyo. Wengine wasio na kinga wanaweza kukingwa kwa chanjo iwapo itatolewa ndani ya siku 3 hadi 5 baada ya kukutana na mgonjwa.

Hatua ya kuchukua wiki hii

Mzazi aandike majina ya watoto wake wote. Mbele ya kila jina aweke alama: ameugua, amechanjwa, au hajulikani. Kumbukumbu ya bibi au shangazi aliyewalea ina thamani hapa, kwa sababu aliyewahi kumuuguza mtoto mwenye tetekuwanga husahau kwa nadra. Kwa kijana aliyebaki "hajulikani", muulize daktari kuhusu kipimo cha damu cha kinga au chanjo, kabla hajaripoti shule ya bweni.