Haki ya Kipofu na Kiwete Katika Kupanda Chombo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake kwa namna mbalimbali, akawawekea baadhi yao haki juu ya baadhi. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: fahamu, ewe ndugu msomaji, yakuwa katika miji ya pwani, tangu Malindi na Mombasa hata Tanga na Dar es Salaam, watu wengi huenda kazini, sokoni, hospitalini na msikitini kwa matatu na daladala. Mwenye miguu mizima hurukia mlangoni hata kabla gari halijasimama. Walakini kiwete mwenye magongo, na akaliaye kiti cha magurudumu, na kipofu asiyejua gari lililofika laelekea wapi, hawa husimama kituoni, gari likapita, na la pili likapita. Na wengi hudhani yakuwa kumpandisha mtu kama huyu ni hisani tu: mwenye kuifanya hupata thawabu, na mwenye kuiacha hana lawama. Dhana hii si sawa. Ni haki yake, naye ameitolea nauli.

MASALA YA KWANZA: Kumsaidia abiria kupanda ni katika mapatano

Wanazuoni wa Kishafii wameligawa jambo la kukodi mnyama wa safari mafungu mawili. La kwanza ni kukodi mnyama maalumu, kama kusema, "Ngamia huyu." La pili ni kukodi katika dhima, yaani mwenye mnyama kujifunga kumfikisha mtu mahali fulani, kwa mnyama yeyote wa sifa iliyopatanwa. Katika fungu hili la pili, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaji yakuwa ni wajibu wa mkodishaji kutoka pamoja na mnyama wake, na kumsaidia mpandaji katika kupanda kwake na kushuka kwake kwa kadiri ya haja. Na wenye kukisherehesha kitabu wakaeleza yakuwa ngamia hupigishwa magoti kwa ajili ya mtu dhaifu.

Sasa mtazame abiria wa matatu. Yeye hakukodi gari hili kwa dhati yake. Ametoa nauli ili afikishwe aendako. Hali yake yafanana na fungu la pili. Gari halipigi magoti, lakini dereva aweza kulisogeza karibu na ukingo wa njia, akalisimamisha kabisa. Na utingo aweza kutoa mkono, na kumwambia kipofu, "Hili laenda mahali fulani," na kumjulisha wafikapo kituo chake.

MASALA YA PILI: Chombo na sala ya Ijumaa

Katika kitabu hicho hicho imetajwa yakuwa Ijumaa humlazimu mzee mkongwe na asiyejiweza wakipata kipando, wala kupanda kusiwe na mashaka juu yao. Na humlazimu kipofu akipata wa kumwongoza. Zingatia neno hili. Sheria imemhurumia mja dhaifu, ikamwondolea wajibu pale kupanda kunapomtaabisha. Lakini huruma hiyo si ruhusa kwa wengine kumzidishia taabu. Mtu huyu atamani kusimama safuni pamoja na ndugu zake, naye abaki nyumbani Ijumaa baada ya Ijumaa kwa sababu ya ngazi ndefu ya gari na haraka ya utingo. Yeye hana dhambi. Je, aliyempita kituoni?

MASALA YA TATU: Udhuru wa wenye magari

Husema, "Wakati ni mali, na kumngojea ni hasara." Jawabu: kupanda ni sehemu ya safari, na aliyepokea nauli ya safari amepokea na sehemu hiyo.

Na wengine hutoza nauli ya pili kwa ajili ya kiti cha magurudumu, wakakiita mzigo. Ikiwa kapu la mchuuzi hupakiwa bure, kwa hoja gani kitozwe kiti ambacho ndicho miguu ya mwenyewe? Na kumdai njiani kitu kisichopatanwa kabla ya kuondoka ni kumchukulia mali yake bila ya haki.

KHATIMA: Yapasayo kutendwa

Jambo hili halina muhali. Katika Dar es Salaam, mabasi ya mwendo kasi yalipoanza kazi mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa kwa kuinuliwa hata vikalingana na sakafu ya basi, ili abiria aingie pasipo kupanda ngazi. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imewapa wenye ulemavu haki ya kufikia vyombo vya uchukuzi wa umma. Wala wazo lenyewe si geni: katika tarikhi imepokewa yakuwa Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik alimpa kila kiwete mtumishi, na kila kipofu kiongozi.

Bassi mwenye gari na aweke daraja ya chini na kishikio mlangoni. Abiria na amwachie aliye dhaifu kiti cha karibu na mlango, wala asinung'unike gari likingoja. Na watu wa msikiti na wajenge mteremko penye ngazi, na wapatane na dereva mmoja awachukue wasiojiweza kila Ijumaa.

Katika Sahihi mbili imepokewa yakuwa kumsaidia mtu kupanda mnyama wake, au kumpakilia mzigo wake, ni sadaka. Mwenye kutimiza haki hii kwa nia njema amekusanya mawili: ameitoa dhima yake, na amepata thawabu ya sadaka.

Mwenyezi Mungu awawafikishe Waislamu katika kheri. Wallahu aalam.

MASWALI
1. Ni ipi tofauti ya kukodi mnyama maalumu na kukodi katika dhima?
2. Ijumaa humlazimu lini asiyejiweza, na humlazimu lini kipofu?
3. Ni yapi matatu awezayo kuyafanya utingo leo, pasipo gharama yoyote?