Misuli Inayopotea Nyuma ya Maji ya Tumbo

Mgonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, aweza kupanda mizani miezi mitatu mfululizo bila uzito wake kubadilika, ilhali mapaja na mabega yake yanazidi kukonda. Maji yanayojaa tumboni na miguuni huziba pengo la nyama iliyopotea, na mizani haitambui tofauti. Kwa hiyo mhudumu wa afya atazame pia mashimo ya panja, apime mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe, kisha amwombe mgonjwa ainuke kitini mara 5 bila kujishikilia. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na hakina sababu ya kusahauliwa hata katika zahanati ndogo.

Kwa nini misuli hupotea? Ini lenye afya huweka akiba ya sukari, iitwayo glaikojeni, ambayo mwili huitumia usiku. Ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya kutosha. Usiku mmoja bila chakula humfikisha mgonjwa katika hali ambayo mtu mzima mwenye afya huifikia baada ya kukaa na njaa siku mbili au tatu. Mwili hulazimika kuvunja misuli ili kujitengenezea sukari, na hufanya hivyo kila usiku.

Misuli hiyo ina kazi nyingine isiyojulikana na wengi. Ini linaposhindwa kuondoa amonia katika damu, misuli husaidia kwa kuigeuza kuwa glutamini. Anayepoteza misuli hupoteza msaidizi wa ini lake, na hatari ya kuchanganyikiwa akili huongezeka.

Hapa ndipo ushauri wa zamani ulipodhuru. Kwa miaka mingi wagonjwa walikatazwa nyama, mayai na maharage kwa hofu ya amonia. Mwaka 2004 watafiti wa Barcelona walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa waliolazwa kwa kuchanganyikiwa: waliopewa protini ya kawaida hawakuwa na hali mbaya kuliko walionyimwa, bali walionyimwa ndio waliovunja zaidi protini ya miili yao. Hata hivyo katazo hilo bado husikika wodini, tena kutoka kwa watu wenye nia njema.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unashauri gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito usiohesabu maji. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8. Maharage, kunde, mtindi na dagaa wasiotiwa chumvi vyafaa sana. Chumvi huongeza maji mwilini.

Ndugu mgonjwa, usilale na njaa. Kula kidogo kabla ya kulala, kwa mfano uji wa maziwa au mkate na yai, na usichelewe kufungua kinywa asubuhi. Tembea kila siku kadiri uwezavyo. Ukitaka kufunga saumu, zungumza kwanza na daktari wako.

Familia ikiona mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, au mikono yake inapepesuka akiinyoosha, imfikishe hospitali siku hiyohiyo. Huko atafutiwe maambukizi, kutokwa damu na kufunga choo, wala asinyimwe chakula.