Mapatano ya Wunlit

1. Nchi na watu wake

Katika nchi ya Sudani Kusini, upande wa magharibi wa Mto Naili, wakaa Wadinka na Wanuer. Makabila haya mawili ni ndugu kwa asili. Lugha zao zina ujamaa, desturi zao zakaribiana, na wote ni wafugaji. Kwao ng'ombe ndiye mali. Kwa ng'ombe mtu hulipa mahari, na kwa ng'ombe hulipa fidia ya damu.

Wakati wa mvua maji hutanda juu ya nchi tambarare, na watu hukaa katika vijiji vilivyoinuka kidogo, wakilima mtama. Wakati wa kiangazi majani ya huko juu hukauka. Ndipo vijana huteremsha makundi ya ng'ombe mpaka mabonde ya majimaji yaliyo karibu na mto, kwa maana huko majani hubaki mabichi. Basi kila kiangazi Wadinka na Wanuer hukutana katika malisho yale yale na penye maji yale yale.

Ugomvi ulikuwako tangu zamani, wala si ajabu. Ng'ombe waliibwa na mikuki ilirushwa. Lakini wazee walijua namna ya kuukomesha: walikaa pamoja, wakahesabu waliokufa, wakakata fidia, wakachinja, wakala. Tena desturi ya zamani haikuruhusu kuwaua wanawake na watoto. Aliyefanya hivyo alihesabiwa kuwa amejiletea laana.

2. Jinsi desturi njema ilivyoharibika

Tangu mwaka wa 1983 watu wengi wa kusini walikuwa wakipigana na serikali ya Khartoum. Mwezi wa Agosti 1991 jeshi lao likagawanyika. Upande mmoja ulimfuata John Garang, ambaye alikuwa Mdinka. Upande wa pili ulimfuata Riek Machar, ambaye ni Mnuer. Ugomvi wa wakubwa ukashuka mpaka kwa wadogo, nao hawakuulizwa shauri. Wazee wetu wamesema kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Ndivyo ilivyokuwa huko.

Mahali pa mkuki pakashikwa na bunduki. Vijiji vikachomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, wanawake na watoto wakauawa au wakatekwa. Watu wa mpakani wakahama pande zote mbili. Malisho mazuri ya kiangazi yakabaki matupu, kwa kuwa Mdinka hakuthubutu kwenda, wala Mnuer hakuthubutu. Angalieni jambo hili: vita vilianza watu wakigombea utawala, na mwisho wake hata majani na maji yaliyokuwa ya wote hayakumfaa mtu yeyote.

3. Kazi iliyotangulia mkutano

Mwaka wa 1990 Makanisa ya kusini yalikuwa yameunda Baraza la Makanisa ya Sudani Mpya. Ndani yake walikuwamo Wakatoliki, Waanglikana, Wapresbiteri na wengineo. Jambo hili lilikuwa na faida kubwa. Wanuer wengi walikuwa Wapresbiteri, na Wadinka wengi walikuwa Waanglikana au Wakatoliki. Kama Kanisa moja tu lingejaribu kuwapatanisha, upande mmoja ungesema, "Hili ni Kanisa la wale." Makanisa yaliposimama pamoja, kila upande uliona kwamba ndugu zake wa imani wamo katika shauri.

Mwezi wa Juni 1998 Baraza hilo liliwakusanya machifu na viongozi wa dini, Wadinka na Wanuer, katika mji mdogo wa Lokichoggio. Mji huo umo katika nchi ya Waturkana, kaskazini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Sudani Kusini. Mahali pale hapakuwa pa Mdinka wala pa Mnuer. Kwa hiyo hapana aliyeogopa kuja. Walizungumza kwa siku kadha wa kadha, wakaona kwamba wote wamelia machozi ya namna moja. Wakaazimu kufanya mkutano mkubwa katika nchi yao wenyewe, ili watu wa kawaida wausikie na kuushuhudia.

Lakini waliwezaje kuaminiana? Hapo ndipo ulipo ushujaa wa kweli. Mwanzoni mwa mwaka wa 1999 baadhi ya machifu wa Kinuer walikwenda Thiet, katika nchi ya Wadinka. Machifu wa Kidinka nao walikwenda Leer, katika nchi ya Wanuer. Walikwenda mahali ambapo kwa miaka saba hapana mtu wa kabila lao aliyeweza kupita na kubaki salama. Wakapokewa, wakalishwa, wakalala, wakarudi. Habari zikaenea vijijini: "Wamekwenda nao wamerudi." Neno hilo lilitangulia mkutano na kuwafungulia watu njia.

Wadinka wakatoa mahali pa kukutania, kijiji cha Wunlit, katika nchi ya Bahr el Ghazal. Wakati wa vita palikuwa pori la mpakani. Wenyeji wakafanya kazi kubwa. Walijenga kijiji kipya chenye nyumba kama 150 za miti na nyasi, pamoja na banda kubwa la mashauri. Visima navyo vikachimbwa ili wageni wasikose maji. Fikirini, wanafunzi: mtu aliyepoteza ndugu yake au ng'ombe wake kwa mikono ya Wanuer alikata miti na kuezeka nyumba, ili Mnuer apate kulala humo. Kabla hajasema neno la amani kwa kinywa, alikuwa amekwisha kulisema kwa mikono yake.

4. Siku za mkutano

Mkutano ulianza mwishoni mwa mwezi wa Februari 1999, ukaendelea mpaka siku za kwanza za mwezi wa Machi. Walihudhuria machifu, wazee, wanawake, vijana na viongozi wa Makanisa, pamoja na umati mkubwa wa watu wa nchi.

Kwanza aliletwa fahali mweupe. Wazee walinena juu yake, wakatamka laana juu ya mtu yeyote atakayevunja mapatano, kisha fahali akachinjwa. Wakristo nao wakaomba na kuimba. Labda mtauliza: Je, wachungaji walikubalije desturi hiyo ya zamani? Walitambua kwamba kiapo hakimfungi mtu asiyekitambua moyoni mwake. Yule aliyezoea kuapa kwa fahali aliapa kwa fahali. Yule aliyezoea kuapa mbele za Mungu kwa sala aliapa kwa sala. Na wote wakasimama mahali pamoja.

Kisha yakaja masimulizi. Upande mmoja ulipewa nafasi ya kueleza mabaya yote uliyotendewa, na upande wa pili ulipaswa kunyamaza na kusikiliza. Baadaye waliosikiliza wakapewa zamu yao ya kujibu na kusimulia. Maneno yalikuwa machungu. Watu walitaja vijiji vilivyochomwa, ng'ombe waliochukuliwa, watoto waliotekwa. Lakini hapana neno lililofichwa, na kwa sababu hiyo hapana aliyerudi nyumbani akisema, "Hawakutaka kusikia shida yangu."

Masimulizi yalipokwisha, wajumbe waligawanyika katika vikundi. Kikundi kimoja kilitafakari habari za watu waliotekwa, kingine habari za malisho na kurudi katika vijiji vya mpakani, kingine habari za ulinzi wa mpaka. Tazameni mpango huu. Hawakuanza kwa kusema, "Tupendane." Walianza kwa kuuliza, "Mtoto wa fulani yuko wapi, na nani atamrudisha?"

5. Mapatano na matunda yake

Mwisho wake waliandika mapatano. Wakakubaliana kwamba uadui kati yao ukome. Kwamba makosa yaliyopita yasamehewe. Kwamba wanawake na watoto waliotekwa warudishwe kwao. Kwamba malisho na maji ya mpakani yatumiwe na wote. Na kwamba watu wapite kwa salama kwenda kufanya biashara na kutembeleana. Tena mabaraza na walinzi wa mpakani wawekwe, ili mwizi wa ng'ombe ashitakiwe upesi kabla wizi wake haujawa vita. Watu zaidi ya 300 wakatia sahihi zao au alama ya kidole gumba.

Matunda yakaonekana. Ng'ombe wakarudi katika malisho yaliyokuwa matupu. Baadhi ya waliotekwa wakarudi kwao. Wafanya biashara wakaanza kupita tena. Katika mwaka ule ule na uliofuata, mapigano makali yalitokea katika sehemu za Wanuer penye mafuta ya petroli. Watu wengi wakakimbia, nao wakakimbilia nchi ya Wadinka, wakapokewa. Mwaka mmoja tu nyuma, njia hiyo ilikuwa njia ya mauti.

Baraza la Makanisa likaendelea na kazi hiyo mahali pengine: Waat mwezi wa Novemba 1999, na Liliir mwezi wa Mei 2000. Na mwezi wa Januari 2002 wale wakubwa wawili, Garang na Machar, nao wakapatana. Kwa hiyo wadogo ndio waliowatangulia wakubwa katika njia ya amani.

6. Amani yataka kulindwa

Yafaa mjue pia yaliyofuata, kwa kuwa somo lisilo kweli halimfai mtu. Mwezi wa Julai 2011 Sudani Kusini ikawa nchi yenye kujitawala. Lakini mwezi wa Desemba 2013 wakubwa wake wakagombana tena, na vita vikali vikazuka. Wadinka na Wanuer wengi wakauana.

Je, kazi ya Wunlit ilikuwa bure? Hasha. Watoto waliorudishwa kwa mama zao walirudishwa kweli, na waliookoka katika miaka ile waliokoka kweli. Lakini mapatano ni kama nyumba ya nyasi: asiyeiezeka upya baada ya mvua hana haki ya kushangaa ikivuja. Mabaraza ya mpakani yalihitaji walinzi, na walinzi walihitaji chakula na msaada wa kila mwaka. Msaada huo ulipopungua, paa likaanza kuoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

7. Na sisi je?

Pengine katika tarafa yenu pana ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya shamba na njia ya ng'ombe, au wa vijiji viwili juu ya kisima, au wa watu wa dini mbili juu ya jambo dogo lililokuzwa na maneno. Watu wakitaka kufanya siku kuu ya amani, na wafuate mpango huu.

Kwanza, wazee wa pande zote mbili watembeleane kabla ya siku yenyewe. Pili, wachungaji, mapadre na masheikh wakae katika halmashauri moja, ili pasiwe na mtu atakayesema kwamba siku hii ni ya wengine. Tatu, kazi igawanywe kwa hiari: hawa wachote maji, hawa wakate kuni, hawa wajenge mabanda na vyoo, hawa wapike. Yafaa watu wa pande mbili wawekwe katika kazi moja, maana ni vigumu kumchukia mtu uliyebeba naye mtungi mmoja wa maji. Nne, mashauri yatangulie michezo. Ngoma, mpira, soko na nyimbo ni vizuri sana, lakini vikitangulia, watu watacheza na kurudi nyumbani na uchungu wao moyoni. Tano, mapatano yaandikwe, na watu watajwe kwa majina watakaoyaangalia mwezi baada ya mwezi.

Ninyi wanafunzi nanyi mna sehemu yenu. Mwaweza kufagia uwanja, kuwaonyesha wageni njia, na kuwaandikia wazee wasiojua kuandika. Zaidi ya hayo, mwaweza kukataa kuyachukua maneno mabaya kutoka nyumba moja mpaka nyingine. Kazi hiyo haihitaji nguvu wala fedha, lakini vita vingi vingalikoma kabla ya kuanza kama watu wangaliifanya.

Maswali

1. Kwa nini Wadinka na Wanuer hukutana kila kiangazi?
2. Eleza jinsi wazee walivyokomesha ugomvi zamani.
3. Kwa nini ilifaa Makanisa mbalimbali yafanye kazi hii pamoja?
4. Safari za machifu kwenda Thiet na Leer zilisaidiaje mkutano?
5. Taja mambo matatu yaliyoandikwa katika mapatano ya Wunlit.
6. Mwandishi asema mapatano ni kama nyumba ya nyasi. Eleza maana yake kwa maneno yako mwenyewe.
7. Waulize wazee wa kwenu habari za ugomvi mmoja wa zamani uliokwisha kwa mapatano. Uandike habari hizo kwa mistari kumi na mitano.