Mbona Mtoto Alizaliwa Mzima?

Mama wa mtoto mwenye selimundu (sikoseli) huuliza: “Alizaliwa mzima, mbona ameanza kuugua akiwa na miezi sita?” Wengine hudhani karogwa. Jibu limo ndani ya seli.

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Seli ya ini hutofautiana na ya jicho kwa sababu kila moja husoma maagizo inayoyahitaji tu. Mengine hufungwa.

Hata bakteria hufanya hivyo. Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi bakteria wa utumbo, E. coli, anavyotumia sukari ya maziwa. Sukari hiyo isipokuwapo, protini fulani huziba jeni kama kufuli. Sukari ikipatikana, kufuli huachia, na bakteria hutengeneza vimeng’enya vya kuivunja.

Kwa binadamu, jeni nyingine hufunguliwa na kufungwa kufuatana na umri. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya tumboni, inayovuta vizuri oksijeni kutoka damu ya mama. Akizaliwa, jeni yake hufungwa polepole, na ile ya himoglobini ya ukubwani huchukua nafasi. Kasoro ya selimundu imo katika jeni hii ya pili. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtoto huwa salama. Baadaye vidole huvimba, damu hupungua, macho huwa ya manjano.

Dawa ya haidroksiyurea huongeza tena himoglobini ya tumboni, na hivyo hupunguza maumivu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoharibu kufuli lenyewe, lakini gharama yake ni kubwa mno.

Sisi tufanye nini?

1. Ikiwa ugonjwa huu umo katika ukoo, mtoto apimwe damu mapema. Msingoje dalili.
2. Akikutwa nao, apewe penisilini kama alivyoandikiwa, apate chanjo zote, na alale ndani ya chandarua.
3. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
4. Mama asilaumiwe. Mtoto hurithi jeni kwa baba na mama, nao wanaweza kuwa wazima kabisa.

Kumbukeni: mtoto kuonekana mzima leo si sababu ya kuacha kumpima.