Kujaa kwa Mto na Makuzi ya Vifaranga vya Samaki

Wavuvi wa bonde la Rufiji wajua tangu zamani kwamba mafuriko mazuri huleta samaki wengi. Je, ni kwa nini? Na je, mafuriko yoyote yafaa? Katika somo hili tutaeleza jinsi kupanda na kushuka kwa maji kunavyoathiri samaki wachanga.

Mto Rufiji, ulio mkubwa kupita mito yote ya Tanzania, hupata maji yake hasa kutoka mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Kwa kawaida hujaa baina ya Machi na Mei, na hupungua sana kufikia Oktoba. Maji yapitapo kingo hutapakaa bondeni, yakauunganisha mto na maziwa madogo kama Zumbi, Ruwe na Uba.

Bonde lililofurika ni kitalu cha vifaranga. Majani yaliyozama huoza, na rutuba yake hustawisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huliwa na wadudu wadogo wa majini, ambao ni chakula cha vifaranga. Tena maji hayo ni vuguvugu, mkondo wake ni hafifu, na nyasi huwaficha wachanga wasiliwe na samaki wakubwa.

Mambo matatu yafaa kuangaliwa.

Kwanza ni wakati. Kambale huingia kwenye nyasi zilizofurika ili kutaga. Mafuriko yakikosekana katika majira yake, mahali pa kutagia hupungua.

Pili ni muda. Mayai ya kambale hunata kwenye majani, na huanguliwa kwa siku moja au mbili. Lakini kifaranga ahitaji majuma kadhaa kupata nguvu. Mafuriko ya siku chache hayamtoshi.

Tatu ni kasi. Maji yakishuka ghafula, mayai huachwa nchi kavu, na vifaranga hunaswa vidimbwini, ambamo oksijeni hupungua na ndege huwala kwa urahisi.

Hata hivyo, samaki wote hawaathiriki sawasawa. Perege jike huyabeba mayai yake kinywani, hivyo aweza kuhama nayo maji yanapopungua. Kwa sababu hiyo, mabadiliko ya mto hayapunguzi tu idadi ya samaki, bali hubadili pia uwiano wa aina zao.

Jambo hili lina uzito leo. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa huleta umeme na huweza kupunguza mafuriko ya maafa. Lakini pia laweza kuzuia mafuriko yale yanayolea vifaranga. Jumla ya maji ya mwaka yaweza kuwa ile ile, na vifaranga wakakosa kitalu chao. Basi maji yanapofunguliwa, wakati, muda na kasi vyastahili kupangwa kwa kuwafikiria samaki pia.

Zoezi: Chagueni kijito kilicho karibu na shule, mahali pa usalama pasipo mamba. Simikeni kijiti chenye alama za sentimeta, mpime kina kila juma kwa muhula mzima, kisha mchore grafu. Ni majuma gani ambayo maji yalipanda? Yalishuka polepole au ghafula? Jadilini yai la kambale lililonata kwenye jani lingepatwa na nini.