Maana na Mashine: Suala la Istilahi katika Ushirikiano wa Viwanda kwa Njia ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu matumizi ya teknolojia ya dijitali viwandani aghalabu hujikita katika mitambo yenyewe: kasi ya kompyuta, uwezo wa njia za mawasiliano, na gharama za ununuzi. Suala la lugha huachwa pembeni, au hudhaniwa kwamba limekwisha kutatuliwa mara tu waya unapofika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Makala haya yanadai kinyume cha hayo. Yanadai kwamba kikwazo kilicho kikubwa zaidi katika kuunganisha kazi za viwanda mbalimbali si cha kiufundi bali ni cha kisemantiki, na kwamba historia ya jitihada hizo tangu miaka ya 1960 ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuunda na kusanifisha istilahi. Iwapo dai hili linakubalika, basi jambo hili ni la wanaisimu kama lilivyo la wahandisi.

Ushirikiano unaozungumziwa hapa ni ule wa kila siku. Kiwanda kinachounganisha magari hakitengenezi vipuri vyote chenyewe. Hununua breki, vioo, nyaya na viti kutoka kwa wagavi wengi, na baadhi yao nao hununua kwa wengine. Oda, ratiba, michoro, hati za mizigo na ankara hupita baina yao bila kukoma. Zamani zilipita kwa karatasi na simu. Siku hizi nyingi hupita kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila ya mtu kuzisoma, na hapo ndipo tatizo la maana linapoanza.

2.0 Kutoka hati hadi ujumbe

Chimbuko la ubadilishanaji wa data kwa njia ya elektroniki hutajwa mara nyingi kuwa ni mji wa Berlin. Mnamo Juni 1948 Umoja wa Kisovyeti ulifunga njia za nchi kavu zilizoelekea Berlin ya Magharibi, na chakula na makaa ya mawe vikalazimika kupelekwa kwa ndege hadi mwaka 1949. Shehena zilifika na hati za nchi tofauti, za lugha tofauti na za mpangilio tofauti. Mmarekani Edward Guilbert, aliyekuwa katika shughuli za ugavi za jeshi, alishiriki kubuni hati moja ya mzigo ambayo iliweza kusomwa kwa teleksi au kwa simu. Inafaa kutambua kwamba hapakuwa na kompyuta yoyote katika ubunifu huo. Kilichobuniwa kilikuwa ni makubaliano: kwamba nafasi fulani katika hati ina maana fulani, na haina nyingine.

Wazo hilo lilihamia katika biashara. Mwaka 1968 iliundwa nchini Marekani kamati ya kuratibu data za uchukuzi, naye Guilbert alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1979 taasisi ya viwango ya nchi hiyo iliunda kamati iitwayo X12. Barani Ulaya, kazi iliyofanywa chini ya Umoja wa Mataifa ilizaa EDIFACT, ambayo sintaksia yake iliidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 9735, mwaka 1987.

3.0 Sentensi ya mashine

Ujumbe wa EDIFACT una sehemu fupi fupi ambazo kila moja hufanya kazi ya kishazi. Tuchukulie mfano kwamba kiwanda kinaagiza vipande 100 vya kipuri fulani. Ujumbe utakuwa na sehemu ifuatayo:

QTY+21:100:PCE

Herufi tatu za mwanzo zinaonyesha kwamba kinachotajwa ni idadi. Tarakimu 100 ndiyo idadi yenyewe, na PCE ni kipimo, yaani vipande. Lakini moyo wa sehemu hii ni 21, ambayo kwa mujibu wa orodha ya misimbo ina maana ya idadi iliyoagizwa. Mahali pa 21 pakiwekwa 12, maana inakuwa idadi iliyopelekwa. Sintaksia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukweli wa kauli. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: baada ya DTM, msimbo 2 ni tarehe ambayo mnunuzi anaomba aletewe mzigo, 11 ni tarehe ya kuupeleka, 35 ni tarehe ulipopokewa hasa, na 137 ni tarehe ya hati.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuona ugumu huu. Mtu wa Tanga akiahidi kuleta mzigo "saa mbili asubuhi", msikilizaji wa hapo hapo anaelewa. Kauli hiyo ikiingizwa kama ilivyo katika mfumo unaohesabu saa kuanzia usiku wa manane, lori litasubiriwa saa sita kabla ya wakati wake. Muktadha ambao binadamu huubeba kichwani bila kuutaja hauna budi kuandikwa wazi kwa ajili ya mashine. Vivyo hivyo kuhusu visawe. Katika Afrika Mashariki chombo kimoja kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mabishano juu ya lipi kati ya maneno hayo lifaalo yamejaza kurasa nyingi bila ya kumzuia mtu yeyote kukitumia chombo hicho. Binadamu huvumilia visawe; mashine haivumilii.

4.0 Maana inapopotea

Mfano unaoeleza zaidi ni wa ndege ya Airbus A380. Sehemu zake zilitengenezwa Ufaransa, Ujerumani, Uingereza na Hispania, kisha zikaunganishwa Toulouse. Ndani ya kila ndege mlikuwa na nyaya zenye urefu wa takriban kilometa 530. Wahandisi wa nchi zote nne walichora kwa programu yenye jina moja, CATIA. Lakini wale wa Ujerumani na Hispania walitumia toleo la 4, hali wenzao wa Ufaransa na Uingereza walitumia toleo la 5, ambalo halikuwa marekebisho ya lile la awali bali programu iliyoandikwa upya. Kwa lugha ya isimu, hapa palikuwa na homonimu: jina lilikuwa moja, lugha zilikuwa mbili. Taarifa zilipovuka kutoka toleo moja hadi jingine, baadhi ya yale yaliyokuwa dhahiri kwa mchoraji hayakuvuka. Mafungu ya nyaya yaliyotoka Hamburg yalipofika Toulouse, mafundi waligundua kwamba mengine hayafiki pale yanapopaswa kuunganishwa.

Gharama haikuwa ndogo. Tarehe 14 Juni 2006, baada ya kutangazwa ucheleweshaji mwingine, hisa za EADS, kampuni mama ya Airbus, zilishuka kwa karibu asilimia 26. Mwanzoni mwa Julai wakuu wawili, Noël Forgeard na Gustav Humbert, walijiuzulu. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines tarehe 15 Oktoba 2007, ikiwa imechelewa kwa takriban miaka miwili. Wakati huo mafundi kutoka Ujerumani walipelekwa Toulouse kufunga nyaya kwa mikono. Yaani ushirikiano uliokusudiwa kufanywa na kompyuta ulirudi katika umbo lake la kale kabisa: watu wawili wakisimama mbele ya kitu kimoja na kuulizana.

Inaweza kupingwa kwamba kiwango cha kubadilishana michoro kilikuwapo tayari. Ni kweli, sehemu za kwanza za ISO 10303, inayojulikana kwa jina la STEP, zilitolewa mwaka 1994. Hata hivyo, kilichobebwa vyema na kiwango hicho katika miaka yake ya mwanzo kilikuwa umbo la kitu. Sababu ya umbo hilo, yaani kanuni alizofuata mchoraji na sehemu zilizotegemeana, kwa kiasi kikubwa iliachwa nyuma. Mfasiri yeyote anaifahamu hali hiyo: maneno yamefika, dhamira haikufika.

Ajali ya chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999, ilikuwa ya namna rahisi zaidi. Programu ya kampuni iliyokitengeneza ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili na sekunde. Waongozaji wa chombo huko California walizisoma kana kwamba ni za nyutoni na sekunde. Tarakimu zilikuwa sahihi na zilifika salama, lakini kipimo hakikutajwa. Wafanyabiashara wa mwambao waliopima nafaka kwa pishi ambayo haikuwa sawa katika kila mji wangeielewa habari hiyo bila maelezo marefu.

5.0 Huduma badala ya bidhaa

Teknolojia hii haikuishia katika kununua na kuuza vipuri. Mwaka 1962 kampuni ya Uingereza ya Bristol Siddeley ilianza kutoa matunzo ya injini yake ya Viper kwa malipo ya kila saa ya kuruka, utaratibu ulioendelezwa baadaye na Rolls-Royce. Mwenye ndege hanunui tena matengenezo. Hununua saa ambazo injini inafanya kazi. Siku hizi vihisio vilivyomo ndani ya injini hutuma taarifa zake kwa mtengenezaji, naye huamua lini ifunguliwe.

Lakini saa ni nini? Katika usafiri wa anga zipo angalau mbili. Ya kwanza huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama tena. Ya pili huhesabiwa tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa. Katika safari fupi tofauti baina ya hizo mbili ni kubwa kwa uwiano, na mkataba usiobainisha ni ipi inayolipiwa umeacha fedha nyingi mikononi mwa polisemia.

6.0 Mwenye orodha

Ikiwa maana hukaa katika orodha ya misimbo, ni muhimu kuuliza nani anayeiandika. Kwa nadharia ni kamati ambazo kila mhusika ana nafasi ndani yake. Kwa vitendo, kila kampuni kubwa hutoa mwongozo wake unaoeleza ni sehemu zipi za kiwango itakazozitumia na kwa namna gani, na mgavi mdogo anayeuzia kampuni tatu hulazimika kujifunza lahaja tatu za lugha inayodaiwa kuwa moja. Utafiti uliofanywa mwaka 1999 kwa ajili ya taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani ulikadiria kwamba kutoelewana kwa mifumo kuliigharimu sekta ya magari ya nchi hiyo angalau dola bilioni 1 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ilikuwa ya kusahihisha na kuingiza upya data ambazo tayari zilikuwapo.

Wanaistilahi wana njia yao ya kulikabili tatizo hili, na si ajabu kwamba njia hiyo ilitoka kiwandani. Eugen Wüster wa Austria, ambaye kitabu chake cha 1931 kuhusu usanifishaji wa lugha ya ufundi ndicho msingi wa taaluma ya istilahi, alikuwa mhandisi na mwenye kiwanda cha zana. Kanuni yake kwamba dhana hutangulia na jina hufuata ndiyo inayotumika leo katika kamusi za viwandani kama ECLASS, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2000. Humo kila sifa ya bidhaa ina msimbo usio wa lugha yoyote. Kwa mfano, 0173-1#02-AAO677 ni jina la mtengenezaji, na majina ya lugha mbalimbali hubandikwa juu ya msimbo huo. Wüster angefurahi. Hata hivyo kanuni hiyo inaficha jambo moja: dhana nazo hukatwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa mahitaji fulani.

Jambo hilo sasa linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 iliiweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa mwanzo wa kudai pasipoti ya kidijitali kwa betri za magari ya umeme. Sheria hiyo hiyo inawataka watengenezaji wachunguze asili ya madini kadhaa, kobalti ikiwamo, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Lualaba na Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini na sokoni. Ni lazima basi taarifa za Kolwezi ziingie katika fomu ambazo safu zake zimeandikwa Ulaya.

Mfano mmoja unatosha. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inatenganisha uchimbaji wa mikono na mgodi mdogo. Haki, hati na maeneo ya makundi hayo mawili ni tofauti. Nchini Tanzania istilahi "wachimbaji wadogo" hutumika kwa upana unaowajumuisha mwenye leseni ya uchimbaji mdogo na mtu anayechimba kwa sururu. Mfasiri akiichukua istilahi hiyo ya Tanzania, ambayo ni nzuri na imeenea, na kuitia katika fomu ya Kolwezi, atakuwa ameunganisha makundi mawili ambayo sheria ya huko imeyatenganisha. Mchimbaji wa mikono mwenye kadi halali atajaza safu isiyo yake, na mfumo ulioko Ulaya utasoma kwamba mgodi wake hauna hati. Kwa hiyo fomu ya Kolwezi inahitaji istilahi mbili, ya uchimbaji wa mikono na ya mgodi mdogo, kila moja ikiwa na fasili inayotaja kifungu chake cha sheria ya Kongo, kabla haijapewa msimbo.